Chambo Alichokificha Baba

Ukitaka kumpima mtu aliyehamia Dodoma kutoka ziwani, mtume akatafute nyungunyungu mwezi wa saba. Ardhi imekauka mpaka jembe linadunda, na upepo unakupeperushia vumbi hadi kwenye meno. Asubuhi ile nilikuwa nyuma ya bafu letu la nje pale Ipagala, mahali maji ya kufulia yanapomwagikia, nimevaa koti la ofisini juu ya kanga, nachimba. Jirani alichungulia juu ya ukuta akaniuliza nimepoteza nini. Nikamjibu natafuta chambo. Akaniuliza kama nililala vizuri.

Sikulala vizuri. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujitakia.

Baba alipatwa na kiharusi akiwa kwake kisiwani Ukerewe. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi naye mji mmoja, ndiye aliyemkuta amelala kando ya mtumbwi, upande wa kulia umekufa wote. Mimi ndiye mkubwa, nina nyumba yenye chumba cha ziada, na hospitali haiko mbali nami, kwa hiyo akaletwa Dodoma. Alikuja kama mzigo, baba yangu ambaye alikuwa akitubeba wawili wawili mabegani. Miezi ikapita ya mazoezi, ya kufinya mpira, ya kutembea toka mlangoni hadi getini na kurudi huku akinitukania upepo wa hapa. Mguu ukarudi. Maneno yakarudi, ila mwisho wa kila sentensi aliuburuza kidogo. Mwisho ukarudi mkono: akaweza kufumba ngumi, kubeba ndoo ndogo, kufunga vifungo vya shati bila kuomba msaada.

Siku alipofunga kifungo cha juu kabisa, cha shingoni, aligeuka akaniambia anataka kwenda nyumbani. Mtumbwi wake ulikuwa umefunikwa ufukweni kule, unamsubiri. Mdogo wangu naye alikuwa upande wake. Alinipigia simu akaniambia mzee ni mzima, na kwamba namfungia ndani kama kuku wa kisasa.

Mimi sikuona uzima huo. Baba hakuwa mvuvi wa nyavu. Alikuwa mvuvi wa mshipi wa mkono, mtu mmoja na uzi mmoja. Na uzi huo hauvutwi kwa nguvu za bega. Unalazwa juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho kinachojua kila kitu: kama chubwi, kile kizito cha kuzamisha uzi, imegusa chini, kama ni jani limepita, kama samaki amekuja. Tena kidole hicho hicho ndicho kinachokwambia uachie. Sangara mkubwa akikimbia, mvuvi hufumbua mkono kabla uzi haujamkata. Kule kwetu alikuwepo jirani ambaye hakufumbua mapema. Maji yalimrudisha mshipi ukiwa bado umekizunguka kiganja chake, na baba ndiye aliyemfungua kabla mkewe hajafika.

Ndiyo maana nilikuwa nikimwangalia mkono. Jumamosi moja nilimkuta ameshika kikombe cha bati chenye chai iliyotoka kuchemka, hakushika mpini, ameshika kikombe chenyewe kwa mkono wa kulia, huku akisimulia habari za watu wa kanisani. Nilimwambia kikombe ni cha moto. Akakiweka mezani taratibu, akasema wavuvi wana mikono migumu. Nilitazama kiganja chake kilivyowiva, na tangu siku hiyo nikawa namtilia mwenyewe chai iliyopoa.

Ugomvi ulizuka mezani, wakati wa chakula cha jioni. Nilikuwa nimemwambia, kwa upole kabisa, kwamba hanisumbui, kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Baba alitafuna, akameza, akaniuliza:

“Na nundu nayo, iliulizwa?”

Hapo uvumilivu ukanitoka. Nilimwambia basi, tusibishane kama watoto. Twende bwawani Hombolo. Akivua samaki mmoja, kwa mshipi wa mkono, kwa mkono huo huo wa kulia, mimi mwenyewe nitamkatia tiketi na kumsindikiza. Asipopata, habari za mtumbwi ziishe. Nilitegemea atakataa. Baba hajawahi kuuita Hombolo bwawa, anaita dimbwi. Lakini aliniuliza tu, “Lini?”, tena haraka mno, na mdogo wangu, aliyekuwa akisikiliza kwenye simu iliyowekwa mezani, akasema yeye ni shahidi.

Kisha baba akaweka masharti yake. Hakuna boya. Boya ni kile kipande cha kandambili kinachofungwa kwenye uzi kielee, ili samaki akila kizame na macho yaone. Baba alikidharau tangu zamani, akisema ni cha watu wa mjini wanaovua huku wanapiga soga. Sharti la pili sikuhitaji kukumbushwa, maana nimelelewa nalo: mshipi wa mtu hausemewi. Ukiona uzi wa mwenzako umetikisika, funga mdomo. Ukimwambia, umemnyang'anya samaki, kwa sababu samaki ni wa yule aliyemhisi. Utotoni mdogo wangu alilala njaa siku moja kwa kunisemea. Ni mimi niliyeshiba, nikapewa na sehemu yake.

Nilivyokuwa nachimba nyuma ya bafu nilikuwa nawaza perege. Huyo ndiye samaki wetu. Baba alitufundisha tukiwa bado wadogo, tumekaa juu ya mawe, kwamba chambo hakichaguliwi kwa kutazama ulicho nacho. Kinachaguliwa kwa kutazama mdomo unaouita. Perege ana mdomo mdogo na adabu za mgeni. Anagusa, anaondoka, anarudi, anagusa tena. Mpe nyungunyungu aliyekatwa vipande vidogo au ugali uliokandwa mpaka ukawa mgumu, ndoana ndogo, na chubwi nyepesi, nati ya baiskeli inatosha. Anavyokula ni kama mtu anakubana ncha ya nguo kukuita pembeni. Asiye na kidole hai hatajua aliitwa.

Kambale ni mwingine kabisa. Huyo anameza kwanza, kuuliza baadaye. Anaishi kwenye tope, hana haja ya macho, anafuata harufu: utumbo wa kuku, ini lililooza, hata kipande cha sabuni ya mche. Akivuta anavuta mtu mzima mzima. Baba aliyajua yote hayo, lakini sisi ni Wasabato, na samaki asiye na magamba haingii kwenye sufuria yetu. Kambale akijinasa kwa bahati mbaya, baba alikuwa akimkatia uzi, akimwambia aende zake na asimtie majaribuni.

Kwa hiyo ilikuwa perege kichwani mwangu. Mdomoni nilikuwa nimesema samaki.

Tulifika bwawani jua likiwa limeshapanda lakini baridi haijaachia. Nilimfahamu mkulima mmoja mwenye shamba la zabibu karibu na maji. Huwa nanunua kwake wakati wa mavuno. Alitupa mahali pa kuegesha gari na kigoda cha kukalia mzee. Alimsalimu baba kwa lugha yake, “Mbukwenyi,” na baba, ambaye kwa muda wote aliokaa Dodoma amejifunza neno hilo moja, akaitikia hivyo hivyo kwa lafudhi ya kisiwani. Mkulima alicheka, akasema mzee sasa ni Mgogo, apewe shamba. Baba hakucheka. Mkulima akarudi kupogoa mizabibu yake, hatua chache tu kutoka tulipokaa.

Baba alitazama maji kwa muda. Alichovya kidole cha mkono wa kushoto, akaonja.

“Yana chumvi,” alisema. “Na ni ya matope. Samaki wa hapa haoni. Ananusa.”

Nilidhani anadharau tu, kama kawaida yake.

Alichukua nyungunyungu wangu, wachache na wembamba, akanitazama kana kwamba nimemletea kamba za viatu. Alimkata mmoja kwa kucha, akamvisha ndoana kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika uzi. Alirusha kwa kushoto pia. Nati ilikwenda mbali, ikaingia majini bila kishindo, na moyoni nilijisikia fahari ambayo sikuitaka siku hiyo. Kisha akauhamishia uzi kwenye mkono wa kulia, akaulaza juu ya kidole cha shahada. Aliulaza huku anautazama. Zamani baba alikuwa akilaza mshipi huku anatazama ndege, anatazama mawingu, anamwonya mtu asisimame kwenye ukingo. Sasa alitazama kidole mpaka uzi ulipokaa ndipo akainua macho.

Tukakaa. Upepo ulikuwa unakuja kwa vipindi, na kila ulipotulia niliuona uzi vizuri, mstari mmoja mweupe kutoka kidoleni kwake mpaka majini.

Perege wa kwanza alikuja mapema. Niliuona uzi ukinyooka kidogo, ukalegea, ukanyooka tena. Ulicheza juu ya kidole cha baba wazi kabisa, kama mtu anayegonga mlango kwa ustaarabu. Baba alikuwa anatazama maji. Uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu ambaye bado anasubiri.

Nilipaswa kufurahi. Ndicho nilichokuja kukiona: nilikuwa nashinda. Badala yake nilijikuta nimeshika nyasi kwa mikono miwili. Uzi ukatikisika tena. Nilimwomba Mungu baba ahisi, halafu nikamwomba asihisi, na sikujua ni ombi lipi nilitaka lisikilizwe.

Baada ya muda alivuta uzi ndani. Ndoana ilikuwa tupu, imelambwa safi.

“Vitoto hivyo,” alisema. “Vinachezea.”

Alivisha nyungunyungu mwingine, akarusha, akalaza uzi, akautazama, akainua macho. Wakaja tena. Safari hii uzi ulivutwa hadi ukakifanya kidole kiiname kidogo, na hata nilipoona kidole kinainama, yeye hakuona. Nilitazama pembeni. Ng'ombe walikuwa wameshuka kunywa upande wa pili wa bwawa, wanapiga maji kwato, na nikajifanya nawahesabu ili nisiutazame mkono wa baba yangu.

Nyungunyungu waliisha. Akakanda ugali tuliokuja nao kwenye mfuko, akatengeneza vidonge, na perege wakavila vyote kwa zamu, bila haraka, kama wamealikwa. Mkulima alipopita kuchukua maji aliuliza kama tumepata, akajibiwa bado, akatoa mfukoni zabibu kavu chache, akasema jaribuni hizi, labda samaki wa Hombolo wamezoea. Ilikuwa utani, lakini baba aliichukua moja akaitundika kwenye ndoana. Hapo ndipo nilipoanza kumwogopea kweli. Baba niliyemjua asingevua kwa chambo cha mzaha.

Kisha akaniambia nikamletee maji ya kunywa garini.

Nilikwenda. Niliporudi nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Harufu ya sabuni. Miguuni pake palikuwa na leso imefunguliwa, na ndani ya leso kipande cha sabuni ya mche, ya bluu, ile ile niliyoikosa kwenye beseni asubuhi nikamlaumu msichana wa kazi kimoyomoyo. Alikuwa ameshafungua ndoana ndogo na kufunga kubwa, ambayo pia sikuwa nimeileta mimi. Alikuwa anaikandamiza sabuni kwenye ndoana kwa kidole gumba cha kushoto, polepole, kwa ufundi, mpaka chuma chote kikafunikwa.

Nilisimama na chupa ya maji mkononi.

Sabuni haiiti perege. Baba yangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kumtaka kambale, ambaye angemrudisha majini kabla hajamgusa, alikuwa ameondoka nyumbani kwangu na sabuni imefungwa kwenye leso. Aliifunga kabla hatujafika, kabla hajarusha hata mara moja, kabla ya perege wa kwanza kugonga na kutofunguliwa. Hakuchukua sabuni kwa sababu nyungunyungu wameshindwa. Aliichukua kwa sababu alijua watashindwa. Kambale humfikia mtu begani hata kama vidole vyake ni vya mbao.

Alikuwa anajua. Miezi yote ile tuliyobishana, mimi nikimwambia na yeye akikataa, alikuwa anajua kuliko mimi. Nilimwonea huruma mpaka nikachukia. Nilitaka kuipiga teke ile sabuni iingie majini.

Alirusha. Ndoana nzito iliangukia karibu, penye majani, mahali penye tope. Akauleta uzi kwenye mkono wa kulia, lakini safari hii hakuulaza. Aliuzungusha kwenye kidole, akauzungusha tena, akaukaza kwa meno.

Niliiweka chupa ya maji chini.

“Baba, mshipi umeuzungusha.”

“Najua nilichofanya.”

“Wewe ndiye uliyetukataza.”

“Kaa chini,” alisema. “Unawafukuza.”

Nikakaa. Sikuwa nimemsemea mshipi, maana samaki alikuwa hajaja, kwa hiyo sharti sikulivunja. Lakini tulikuwa tumeshaambiana kila kitu, na wote wawili tulijua, na ilibidi tukae pale bega kwa bega tukisubiri mnyama mkubwa aje atuamulie. Jua lilifika juu. Upepo ukaacha kuvuma, na joto la mchana la Dodoma, lile linalokuja ghafla juu ya baridi ya asubuhi, likatukalia vichwani. Baba hakuvua koti. Hakutaka kuachia mkono.

Nilitazama uzi ule uliozungushwa nikamkumbuka yule jirani. Bwawa si ziwa, nilijiambia. Kambale si sangara. Nilijiambia mengi. Nilijisogeza karibu mpaka goti langu likagusa lake, nikapanga moyoni mahali nitakapomshika akivutwa: mkanda wa suruali, kisha kwapa.

Uzi haukutikisika. Ulinyooka mara moja, ukalia.

Baba alivutwa kutoka kwenye kigoda akaangukia magoti. Nilimdaka mkanda. Alikuwa ananguruma, si kwa maumivu, alikuwa anafurahi. Aliinuka, akakanyaga tope, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na mguu ule ambao watu wa mazoezi walisema hautambeba ukambeba. Kambale alikwenda kushoto, baba akaenda naye. Alirudi, baba akakusanya uzi kwa mkono wa kushoto, anaurundika nyuma yake kwa utaratibu ule ule wa zamani, bila kufungana, bila kukanyaga. Kwa dakika hizo hakuwa mgonjwa wa mtu. Nilijikuta namwambia vuta, baba, vuta, nimesahau kabisa niko upande gani.

Mkulima aliacha mizabibu akaja mbio. Alishuka hadi kwenye maji, akamkamata kambale nyuma ya kichwa na kumtupa nchi kavu. Alikuwa mkubwa, mweusi, sharubu zake zinachezacheza, tumbo jeupe limepakaa udongo. Baba alisimama juu yake akihema. Alinitazama, na katika macho yake nilimwona yule kijana aliyemwoa mama yangu, maana mama alikuwa akisema baba alikuwa na macho ya mtu aliyeshinda kitu.

“Samaki,” aliniambia.

“Ni samaki,” nilikubali.

Mkulima alikuwa anamtazama baba mkononi.

“Mzee,” alisema kwa sauti ya chini, “damu.”

Baba alimtazama kambale. “Ya samaki hiyo,” akasema, akainama, akauosha mkono ukingoni mwa maji, akaukung'uta. Kisha akauinua ili amwonyeshe mkulima kwamba umetakata.

Damu ikaja tena. Ilitoka kwenye kidole cha shahada, pande zote, mahali uzi ulipozunguka. Nailoni ilikuwa imekata ngozi na kwenda chini ya ngozi, na bado ilikuwa humo, imezama, ncha yake inaning'inia. Suruali yake ilikuwa imelowa damu kuanzia pajani. Alikuwa amevuta muda wote ule akiwa hivyo.

Hakupiga kelele. Hakukunja hata uso. Aliusogeza mkono karibu na macho, akaugeuza, akaugeuza tena, anautazama kama mtu aliyekabidhiwa kitu na mgeni na hajui akiweke wapi. Kwa mkono wa kushoto akakigusa kidole, kwenye jeraha lenyewe. Akabonyeza. Alinitazama, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kwa kila kitu sikuwa nimejiandaa kuona baba yangu anaogopa.

Nilimkalisha. Nilichana leso ile ile ya sabuni, nikaikataa kwa uchafu, nikachana upindo wa kanga yangu. Mkulima alikata uzi kwa mkasi wake wa kupogolea, akauchomoa kutoka kwenye nyama kwa uangalifu mkubwa, anakunja uso yeye kwa niaba ya baba. Baba alitazama tu. Tulipomaliza kumfunga, mkulima aliuliza kama kambale tunaondoka naye. Baba alimwambia ni wake, ale na watoto. Mkulima akashukuru, akamchukua, akatuelekeza zahanati ilipo, kisha akarudi kwake akituacha wenyewe, na kwa hilo nitamheshimu daima.

Tukabaki tumekaa. Nilikuwa nimeahidi, na mimi ni mtoto wa mtu anayetimiza ahadi.

“Umeshinda, baba,” nilimwambia. “Kesho nakata tiketi.” Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyafuta. “Lakini nitakwambia ukweli. Sitaki uende. Ninaogopa. Ndiyo maana nilikuleta hapa, nilitaka ushindwe.”

Alikuwa ameushika mkono wa kulia ndani ya wa kushoto, kifuani.

“Wale wadogo,” alisema. “Wa asubuhi. Walikuja?”

“Walikuja.”

“Wengi?”

“Wengi, baba.”

“Perege?”

“Nadhani perege.”

Akatikisa kichwa taratibu, akatazama pale alipokuwa amerusha mara ya kwanza. Sikuwahi kumwona akiyatazama maji kwa namna ile, kana kwamba watu wamempita njiani wakamsalimu na yeye hakuitikia.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mdogo wangu, shahidi, ameshindwa kusubiri. Nilitaka kuikata, lakini baba alinyoosha mkono wa kushoto, nikaiweka kwenye sauti kubwa na kumpa. Mdogo wangu hakusalimu hata. Aliuliza tumepata au hatujapata. Baba akamwambia amepata, kambale, tena mkubwa. Kule upande wa pili mdogo wangu alipiga ukelele, akacheka, akauliza tangu lini mzee anavua kambale, akasema dada sasa hana la kusema. Alisema kesho kutwa atafunua mtumbwi aanze kuuziba nyufa, mzee akifika aukute tayari.

Baba alimwacha amalize. Damu ilikuwa imeanza kupenya kwenye kanga, akaifunika kwa pindo la koti ili asiione.

“Huo mtumbwi mpe mtu anayevua,” alisema. “Mimi nitakuja kuwasalimia.”

Mdogo wangu akaacha kucheka.